Taa ya Dharura Katika Jengo Lenye Kufuli

Umeme ukikatika usiku huko Miburani, kisiwani Mafia, mwenye nyumba anajua la kufanya. Hupapasa ukuta akatafuta tochi au kiberiti, na akivikosa vyote viwili hufungua mlango akatoka uani, ambako mbalamwezi humtosha. Giza kwake ni usumbufu tu. Lakini yuko mtu asiyeweza kufanya hivyo, naye ni yule aliyefungiwa mlango kwa nje. Mahabusu katika kituo cha polisi, mfungwa gerezani, mgonjwa katika wodi yenye komeo, hata mwanafunzi katika bweni linalotiwa kufuli usiku, wote hao hutegemea mkono wa mtu mwingine ili watoke. Iwapo moto umezuka na taa zimezimika, uhai wao umo katika jambo moja dogo: je, mwenye ufunguo analiona tundu la kufuli?

Makala haya yanaeleza jinsi taa za dharura zinavyopangwa na kutunzwa katika majengo ya namna hiyo. Hesabu zake ni za fizikia ya sekondari, na mwalimu anaweza kuzifanya ubaoni pamoja na wanafunzi wake.

Giza na kufuli

Katika kisiwa cha Chole, jirani na Mafia, yapo magofu ya majengo ya utawala wa Wajerumani, yakiwemo ya boma na gereza. Chole ilikuwa makao makuu ya utawala huo hadi mwaka 1913, yalipohamishiwa Kilindoni. Katika magereza ya zama zile mwanga wa usiku ulikuwa ni kandili mkononi mwa mlinzi. Mlinzi alipoondoka, mwanga nao uliondoka. Taa za umeme ziliondoa kasoro hiyo, ila zilileta nyingine: sasa taa zote za jengo zaweza kuzimika kwa pamoja, tena kwa sababu ile ile iliyowasha moto.

Mfano wa karibu ni gereza la Gitega, nchini Burundi. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021, wakati wafungwa wengi wamelala, moto ulizuka humo, na serikali ilitangaza siku hiyo kuwa watu 38 wamekufa. Gereza hilo lilijengwa kwa ajili ya watu 400, lakini lilikuwa na zaidi ya 1,500. Wizara ya mambo ya ndani ilitaja hitilafu ya umeme kuwa chanzo. Msomaji na aizingatie sababu hiyo. Nyaya zinapogusana na kuungua, fyuzi hukata mkondo, na taa zinazotumia mkondo huo huzimika dakika ile ile zinapohitajiwa mno.

Mwaka 2012, mwezi wa Februari, moto uliteketeza gereza la Comayagua nchini Honduras na kuua watu zaidi ya 350. Wazima moto walieleza kwamba hawakupata funguo wala walinzi waliokuwa nazo. Na balaa la namna hii halikomei magerezani. Katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, nchini Kenya, wavulana 67 walikufa bwenini usiku mmoja wa Machi 2001. Moto huo uliwashwa makusudi, nao waliokuwa ndani walikuta mlango mmoja kati ya miwili umefungwa na madirisha yana nondo.

Hatusemi kwamba taa peke yake ingaliwaokoa watu hao. Tunalosema ni kwamba jengo lenye kufuli lina kanuni yake. Katika jengo la kawaida taa ya dharura humwonyesha njia anayekimbia. Katika jengo lenye kufuli hapana budi imwangazie kwanza yule anayefungua, kisha ndipo iwaangazie wanaotoka. Mpangaji akisahau hilo, atazipanga taa zake vizuri katika njia ya kutokea, na kuwaacha watu gizani nyuma ya milango ambayo haijafunguliwa.

Mwanga kiasi gani unatosha?

Kipimo cha mwanga unaoangukia juu ya kitu huitwa laksi. Mshumaa mmoja, ukiwa umbali wa mita 1, hutoa mwanga wa takriban laksi 1. Mwezi mpevu katika anga jeupe hutoa karibu robo ya laksi. Kanuni zinazofuatwa Ulaya na katika nchi nyingi nyingine zataka njia ya kutokea iwe na mwanga usiopungua laksi 1 sakafuni, katikati ya njia. Palipo na vifaa vya kuzimia moto au kengele ya hatari zataka laksi 5.

Laksi 1 humtosha mtu kutembea bila kujikwaa. Haimtoshi mtu mwenye shada la funguo anayetaka kusoma namba iliyochorwa juu ya ufunguo mdogo huku mikono ikimtetemeka. Kwa sababu hiyo ni busara kuyahesabu makufuli yote kuwa ni vifaa vya kuzimia moto, na kuyapa laksi 5 au zaidi.

Fikiri, msomaji, juu ya ushoroba wenye seli sita. Tuseme mlinzi aonaye vizuri hufungua kufuli moja kwa sekunde 10. Milango yote sita itamchukua dakika 1. Kama anapapasa, na kila kufuli yamchukua sekunde 40, kazi ile ile itachukua dakika 4. Moshi wa godoro la sponji haungoji dakika 4.

Hesabu ya jengo la mfano

Tulichukue jengo la kubuni kwa ajili ya somo: mahabusu ndogo ya kituo cha kisiwani, yenye ushoroba wa urefu wa mita 20 na dari ya kimo cha mita 2.5. Kila taa ya dharura ina ukali wa mwanga wa kandela 30, na kwa urahisi wa hesabu tuchukulie kwamba hutoa ukali huo huo kila upande.

Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Moja kwa moja chini ya taa, sakafu hupata:

30 ÷ (2.5 × 2.5) = laksi 4.8

Kwa mahali palipo kando ya taa, twazidisha pia kwa kosaini ya pembe ambayo mwanga hufanya na mstari wa wima. Tukizipanga taa nne, moja kila baada ya mita 5, mahali palipo katikati ya taa mbili ni mita 3.54 kutoka kwa kila moja. Taa moja hupapa laksi 1.7, na mbili kwa pamoja laksi 3.4. Mpangaji ataridhika, kwa kuwa amevuka laksi 1 kwa mbali.

Lakini sasa taa moja ya katikati imekufa. Mahali palipokuwa chini yake pamebaki na taa za jirani, kila moja ikiwa mbali kwa mita 5 za ulalo, yaani mita 5.59 za mshazari. Kila jirani huleta laksi 0.43, na mbili kwa jumla laksi 0.86. Hata mchango mdogo wa taa ya mbali zaidi ukiongezwa, hatuifikii laksi 1. Basi taa moja tu iliyoharibika yatosha kuuondoa ushoroba katika kiwango cha usalama.

Tukizisogeza taa mpaka ziwe kila baada ya mita 4, tutahitaji tano badala ya nne. Mwanafunzi na arudie hesabu: taa ya katikati ikifa, majirani wawili wataleta kila mmoja laksi 0.71, jumla laksi 1.4. Ushoroba bado unapitika. Hiyo ndiyo faida ya taa ya tano. Miisho miwili ya ushoroba, ambako taa ina jirani mmoja tu, ihesabiwe peke yake na kila mwisho uongezewe taa moja. Tena taa za ushoroba zigawanywe katika nyaya mbili zenye fyuzi mbili, moja kwa moja kwa kupokezana, ili fyuzi moja ikikatika ushoroba usibaki giza tupu.

Tuongeze taa moja katika chumba zinamotundikwa funguo, na mbili nje, mlangoni na uwanjani ambako watu watakusanywa na kuhesabiwa. Jumla ni taa 10. Mpangaji mwangalifu ataongeza taa ndogo juu ya kila kufuli. Sisi, kwa kurahisisha hesabu, tutaishia hizo 10.

Nguvu itoke wapi?

Kwa miaka mingi umeme wa Mafia umekuwa ukitoka katika mashine za dizeli zilizo kisiwani. Mahali kama hapa mafuta yakichelewa au mashine ikiharibika, taa za mji mzima huathirika. Wala kebo ya baharini si dawa ya kila kitu. Unguja, iliyokuwa ikipata umeme kutoka bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari, ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa muda wa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Kwa hiyo jengo lenye kufuli lazima liwe na akiba yake lenyewe, ndani ya kuta zake.

Jenereta ni akiba nzuri kwa saa nyingi, ila huhitaji sekunde kadhaa kabla ya kushika, na pengine haishiki kabisa. Kanuni tulizozitaja zataka nusu ya mwanga wa dharura ipatikane ndani ya sekunde 5, na mwanga kamili ndani ya dakika 1. Kazi hiyo ni ya betri. Jenereta iifuate betri, isichukue mahali pake.

Akiba hiyo idumu muda gani? Kwa majengo ambamo watu hulala, kipimo kinachotumika sana ni saa 3. Kisiwani, ambako msaada kutoka bara hauna budi kuvuka bahari, muda huo usipunguzwe. Tufanye hesabu. Taa 10 za LED za wati 3 kila moja hutumia wati 30. Kwa betri ya volti 12, mkondo ni 30 ÷ 12 = ampea 2.5. Kwa saa 3 ni ampea-saa 7.5. Betri ya risasi na asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwani huharibika upesi. Basi twahitaji 15. Zaidi ya hayo, betri hupungukiwa na uwezo kadiri inavyozeeka. Tukitaka itoshe hata ikibaki na asilimia 80 ya nguvu yake ya awali, twagawanya: 15 ÷ 0.8 = ampea-saa 18.75. Tutanunua betri ya ampea-saa 20 au zaidi.

Nyaya nazo zisisahauliwe. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5, kwenda mita 20 na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.46. Ukibeba ampea 2.5 mpaka mwisho hupoteza zaidi ya volti 1, na katika volti 12 huo ni upotevu mkubwa. Waya wa milimita za mraba 4 hupoteza chini ya nusu volti. Waya huo upite njia yake wenyewe, mbali na nyaya za kawaida, na uwe wa aina inayostahimili moto.

Jambo jingine ambalo mafundi hulikosea ni mahali taa inapopata habari kwamba umeme umekatika. Swichi ya dharura ikiunganishwa na mita kuu pekee, itawasha taa pale tu jengo zima linapokosa umeme. Fyuzi ya ushoroba mmoja ikikatika, mita kuu bado ina umeme, na swichi haitatambua lolote. Kila ushoroba uwe na kitambuzi chake, kilichoungwa katika nyaya za taa za ushoroba huo huo.

Taa isiyogeuka hatari

Taa ya seli ina masharti ambayo taa ya ofisini haina. Kioo chake kisivunjike kuwa vipande vya kukatia, kwa hiyo hutumiwa plastiki ngumu ya polikaboneti. Ifungwe kwa skrubu zisizofunguka kwa sarafu wala kijiko. Umbo lake liwe la mteremko, bila kingo wala upenyo wa kupitishia kitambaa, kwa kuwa aliyefungwa na kukata tamaa aweza kuitumia kujidhuru. Mahali palipo salama zaidi ni ndani ya ukuta, juu ya mlango, ili fundi aifikie kutokea nje.

Moshi hupanda juu na kutanda chini ya dari. Taa ya darini peke yake yaweza kufunikwa mapema. Taa ndogo zilizo chini, karibu na sakafu, na alama za kung'aa gizani zilizopakwa kwenye fremu za milango na kando ya makufuli, huendelea kuonekana na mtu anayetambaa.

Tukumbuke pia kwamba aliyefungwa ana haki ya mwanga, na vile vile ana haki ya usingizi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, zataka vyumba viwe na mwanga wa kutosha kusoma au kufanya kazi bila kudhuru macho. Haifai basi kuacha taa kali ikimulika seli usiku kucha kwa kisingizio cha usalama. Taa ya dharura ya seli iwe ya kungojea: izimike nyakati za kawaida, na iwake yenyewe umeme unapokatika. Watu waliofungiwa katika giza la ghafla husukumana na kukanyagana, na hata mwanga hafifu hupunguza hofu hiyo.

Utunzaji

Taa ya dharura ni kifaa cha ajabu kidogo, kwa sababu yaweza kufa miezi mingi bila mtu kujua. Taa ya kawaida ikifa, utaiona usiku ule ule. Hii haiwaki mpaka siku ya shida. Njia ya pekee ya kujua kwamba ni nzima ni kukata umeme kwa makusudi na kuitazama.

Kila siku, mlinzi wa zamu aangalie taa ndogo ya ishara inayoonyesha kwamba betri inachajiwa. Kila mwezi, umeme wa taa ukatwe kwa muda mfupi, na kila taa ya dharura itazamwe na kuandikwa daftarini. Kila mwaka, taa ziachwe ziwake saa 3 kamili. Jaribio hilo la mwaka lifanywe asubuhi, tena kwa nusu ya taa leo na nusu siku nyingine, pale kila nusu inapokuwa na betri yake. Betri iliyomalizwa huhitaji muda mrefu kujaa tena, na jengo lisiingie usiku likiwa halina akiba.

Katika jaribio la mwezi liongezwe jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Mlinzi wa zamu achukue shada la funguo na kufungua milango ya ushoroba mmoja kwa mwanga wa dharura pekee, ulinzi wa kawaida ukiwepo, huku mwenzake akishika saa. Muda uandikwe. Ukiongezeka mwezi hadi mwezi, ama taa zimefifia, ama makufuli yamepata kutu, ama funguo zimechanganyika. Funguo zitiwe alama za kutambulika kwa kidole, na shada la pili liwekwe mahali salama nje ya jengo.

Pwani ina maadui wake. Hewa ya chumvi hula chuma, kwa hiyo skrubu ziwe za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu, na vichwa vya betri visafishwe na kupakwa grisi. Mijusi na sisimizi huingia ndani ya taa, hivyo matundu ya nyaya yazibwe. Joto nalo ni adui. Kwa kukadiria, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa nusu. Betri isiwekwe chini ya bati lililo juani.

Betri yenye vifuniko iongezwe maji safi ya betri tu, asiongezewe mtu asidi kwa kudhani kwamba atairudishia nguvu. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika, huonyesha karibu volti 12.7, na ikishuka mpaka 12 imekwisha. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi ambayo hulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Chumba chake kiwe na matundu ya juu, na kiberiti kisiingie humo. Fundi aingiaye sehemu ya mahabusu azihesabu zana zake anapoingia na anapotoka, na asifanye kazi peke yake.

Somo kwa shule

Mnamo Agosti 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto katika bweni la Shule ya Sekondari ya Idodi, Iringa. Ilielezwa kwamba chanzo kilikuwa mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akisoma. Hapo mwanga uliokosekana ulitafutiwa badala, na badala ile ikawa moto. Taa ndogo ya betri, isiyo na mwali, ingalimaliza haja hiyo.

Mwalimu wa fizikia anaweza kulianza somo hili kwa mshumaa mmoja darasani, chini ya uangalizi wake, na chumba kikiwa giza. Mwanafunzi ashike funguo tano zenye namba. Asome namba akiwa umbali wa mita 1 kutoka kwa mshumaa, kisha mita 2, kisha mita 3, na muda wa kuupata ufunguo sahihi upimwe kila mara. Wanafunzi watahesabu laksi 1, robo ya laksi, na sehemu moja ya tisa ya laksi. Wataona kwa macho yao jinsi muda unavyorefuka mwanga unapopungua.

Baada ya hapo darasa lote na liende bwenini mchana, na kuuliza maswali manne. Mlango huu hufungwa na nani usiku, naye hulala wapi? Ufunguo wa pili uko wapi? Umeme ukikatika, ni taa gani itakayowaka juu ya kufuli hili? Na mara ya mwisho taa hiyo ilijaribiwa tarehe gani? Majibu yaandikwe na kupelekwa kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo, kabla mlango haujafungwa tena.